Kwanza ifute hiyo kanuni ya ICMP

Futa kanuni hiyo leo hii. Umeuliza uanze na ruta gani, uzigawe vipi anwani za maabara ya IPv6 (mfumo mpya wa anwani za mtandao), kisha ukataja kwa kupita tu kwamba umeweka kanuni kwenye ukuta wa moto (firewall) kuzuia ICMP yote, yaani ujumbe mfupi ambao vifaa vya mtandao hutumiana kuulizana na kuarifiana hitilafu, kwa usalama. Hapo ndipo nilipopoteza wiki tatu.

Nilikuwa mwaka wa tatu hapa Kampala, nina kompyuta tatu kuukuu za Linux, moja nimeifanya ruta. Msimamizi wa maabara alituambia ICMP ni mlango wa wadukuzi, tuifunge yote. Kwenye IPv4, mfumo wa zamani, ushauri huo hauui mtandao papo hapo, kwa sababu anayemtafuta jirani, yaani kifaa kingine cha mtandao uleule, ni itifaki nyingine iitwayo ARP, nayo haipiti kwenye ICMP. Kwenye IPv6 hakuna ARP. Jirani hutafutwa kwa ICMPv6 (ICMP ya IPv6), ujumbe namba 135, na kuitika kwa 136. Ruta huulizwa kwa 133 na kujitangaza kwa 134. Ukiziba hizo, kila kompyuta inapiga hodi na hakuna anayeitika.

Kinachouma ni kwamba kila kitu kilionekana kizima. Anwani inayoanza na fe80 ilikuwepo, maana kompyuta hujitengenezea yenyewe. Zile zinazoanza na 2001:db8 niliziandika kwa mkono, zikakubaliwa. Hata nilipozipa kompyuta mbili anwani moja kwa bahati mbaya, hakuna iliyolalamika, kwani swali la kama anwani ina mwenyewe nalo husafiri kwa 135! IPv4 nilikuwa nimeshaiondoa, basi nikalaumu nyaya. Nikanunua nyaya mpya, nikaongeza swichi ya mtumba, pesa ya chakula ikaishia hapo. Msimamizi akasema IPv6 bado haijakomaa. Itifaki ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka 1995! Hakuwahi kutufungulia hata pakiti moja ya data tuione.

Usiku mmoja nikawasha tcpdump, programu ya kunasa pakiti, kwenye ruta: 135 zinafika, majibu hayatoki. Nikaondoa kanuni ile moja, ping (jaribio la kuona kama kompyuta nyingine inaitika) ikarudi.

Basi shika hili: usiandike kanuni yoyote ya ukuta wa moto kabla hujazikamata 133 hadi 136 na kuziona kwa macho yako. Ukishaziona, ziruhusu. Ruhusu na namba 2, inayosema pakiti ni kubwa mno, maana ruta za IPv6 hazikati pakiti njiani. Ukiizuia, ping ndogo itapita na kurasa zitaganda.

Ukimaliza, andika ip -6 neigh, amri inayoorodhesha majirani, utuwekee hapa inachokuonyesha.