Barua kwa mwanangu: zabibu zako zilizogeuka tope

Tanga

Mwanangu,

Hatujambo. Baba yako anakusalimu, goti lake limetulia. Picha za kurasa zako za rangi za maji nimezipata, na swali lako nimelikuta ni maswali mawili. La kwanza: "Mama, mbona rangi zangu zote zinageuka tope? Au ndiyo kipaji hakipo, na miaka 36 nimeshachelewa?" La pili umelichomeka mwishoni kana kwamba ni dogo: wenzako ofisini wanakwambia uanze kuuza kadi, hiyo ni fursa. Nianze na tope, maana lina dawa.

Zile zabibu ulizonunua soko la Majengo, huko Dodoma, ukazichora, zimetoka rangi ya udongo kwa sababu ya nyekundu uliyotumia. Nyekundu hiyo inaelekea kwenye chungwa, yaani tayari ina njano ndani yake. Ukiitia kwenye bluu, nyekundu, bluu na njano zimeshakutana zote, na zikikutana hivyo zinauana. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi. Geuza tyubu usome maandishi madogo, ndiyo namba ya rangi iliyomo: PV19 ni waridi safi, PB29 ni bluu ya altramarini. Changanya hizo mbili tu, utaona zambarau inavyong'aa. Boksi za watoto wa shule mara nyingi hazina namba hizo, kwa hiyo hujui unachanganya nini na nini.

Kwa zambarau hiyo hiyo unaweza kuchora maua ya kwetu, ambayo jina lake la hapa kila mtu analo lake. Nasema yale maua madogo ya Usambara yanayoota kwenye miamba yenye kivuli. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa huku kwetu, aliyapeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akayaita Saintpaulia. Leo yako kwenye madirisha ya watu Ulaya nzima, na sisi tulio nayo mlangoni wengi hatuyajui. Samahani, ualimu haustaafu.

Sababu ya pili ya tope ni kusugua. Naona kwenye anga lako umerudi na brashi wakati rangi imekauka nusu, ndiyo maana kuna mistari migumu na madoa yenye kingo za kujikunja. Hapa hewa ya Dodoma nayo ina lawama. Huku pwani karatasi inakaa na maji muda mrefu, na nikifunga kisanduku cha rangi kikiwa kimaji kinaota ukungu. Huko kwenu kiangazi na upepo vinakausha rangi kabla hujachovya tena. Basi fanya hivi: koroga rangi ya kutosha anga zima kabla hujagusa karatasi, lowesha karatasi kwa maji safi, inamisha ubao kidogo, pitisha rangi mara moja, kisha ondoa mkono. Karatasi ikiacha kung'aa lakini ukiigusa kwa mgongo wa kiganja bado ni baridi, usiitie kitu. Huo ndio wakati inapoharibika. Nenda kakoroge chai.

Ukitaka kijivu cha miamba, changanya PB29 na kahawia ya udongo wa kuchoma, PBr7. Hilo ni tope la makusudi, na ni zuri sana.

Kuhusu vifaa, pesa yako iweke kwenye karatasi. Karatasi ya kuchapia ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Inakunywa maji, inajikunja, inachubuka. Ya rangi za maji aghalabu ni gramu 300, na imetiwa gundi ili rangi ikae juu na isizame. Rangi zenyewe si uchawi: ni chembe za rangi zilizosagwa na gundi ya mgunga, ile inayotoka kwa wingi Sudan. Za daraja la wanafunzi zinakutosha kabisa, mradi namba zimeandikwa. Brashi moja ya duara yenye ncha inatosha. Ukiwa na karatasi mbaya, hata rangi za bei kubwa zitakuonyesha kwamba huwezi, na utaamini.

Sasa kipaji. Unajua miaka niliyokaa nikisahihisha michoro ya Baiolojia. Nilikuwa naweka panzi mezani, mwingine amekatika mguu, na karibu darasa zima likichora panzi mwenye miguu sita, kwa sababu ndivyo alivyo kitabuni. Anayechora miguu mitano ndiye niliyempa alama zote. Wengi wa hao hawakuwa na mkono mzuri. Na wewe kwenye ukurasa wa mbuyu umechora mti wa kitabuni. Ule mbuyu wa kwenye picha uliyonitumia umeinama kushoto na una shimo. Nilikuwa nalitafuta hilo shimo.

Kuna jambo moja la darasani kwangu lazima ulisahau, nalo ni ile sheria ya penseli ya HB, mstari mmoja safi, bila kivuli. Kwenye rangi za maji kivuli ndiyo kila kitu. Na nyeupe hainunuliwi, ni karatasi yenyewe uliyoiacha. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alitumia rangi za kupaka baiskeli, nzito, kwa hiyo aliweza kuweka doa la njano juu ya nyeusi na likaonekana. Zetu ni nyepesi, mwanga unapita ndani yake. Unaanza na hafifu unakwenda kwenye nzito, na ukishafunika pale palipopaswa kuwa peupe, pamekwenda. Kabla ya kulowesha brashi, weka alama ya penseli sehemu ambazo hutazigusa.

Na daftari lisiwe la picha tu. Andika tarehe, mahali, upepo, fungu la nyanya lilikuwa bei gani, yule mama alisema nini. Peni ya kawaida ya shuleni, ya wino wa mafuta, haitawanyiki sana ukipitisha maji juu. Ya jeli ijaribu kwanza pembeni. Mwaka 2007 Gabriel Campanario, mwandishi wa habari aliyekuwa Seattle, alianzisha kundi la wachoraji wanaoitwa Urban Sketchers, na sharti lao la kwanza ni kuchora ukiwa papo hapo, unakitazama kitu chenyewe, si kutoka kwenye picha ya simu. Nakubaliana nao, ila kwa huko kwenu naongeza langu: usikae na daftari mbele ya jengo la serikali wala kambi, utaulizwa maswali mpaka rangi ikauke. Sokoni ni salama zaidi. Watoto watakuzunguka, waache. Mtu mzima mwombe ruhusa kabla ya kumchora. (Baba yako yumo kwenye daftari langu amelala kitini. Hajui.)

Sasa hiyo fursa. Hapa mama yako ana neno.

Siku hizi mtu akisuka ukili jioni anaambiwa auze, akioka keki auze, akipanda maua afungue ukurasa. Sikatai. Wapo wanaoishi kwa brashi, nawaheshimu, na hiyo ni kazi yao kama yako ilivyo kazi. Lakini wewe unaanza, na anayeanza anahitaji kuharibu karatasi nyingi. Nani atakulipa kwa zilizoharibika? Mteja anataka twiga, machweo na mlango wa Zanzibar, na anataka wa leo ufanane na wa jana. Utaukimbia mbuyu wenye shimo kwa sababu hauuziki. Halafu utaanza kuiogopa karatasi, na mtu anayeiogopa karatasi anasugua, na anayesugua tope linamrudia.

Tena unatoka ofisini saa kumi na moja umechoka na hesabu za watu. Nusu saa ya jioni isiyo na bosi, isiyo na lengo la mwezi, usiigawe. Joy Adamson, yule mama aliyemlea simba Elsa, alianza kuchora maua ya Kenya kwa rangi za maji akiwa tayari mtu mzima, mke wa mwanabotania Peter Bally. Kazi ya kulipwa ya kuchora watu wa Kenya ilikuja baadaye, na michoro yake ipo Makumbusho ya Taifa Nairobi. Alikuwa ameshajua majani kabla hajalipwa. Wakikuuliza tena ofisini, waambie mama amekataa. Ukifika wakati unataka mwenyewe kuuza, hutaniuliza.

Kesho nampa kijana wa basi bahasha yako. Ndani mna karatasi za gramu 300 nilizozikata robo, brashi namba 8, na tyubu moja ya PV19. Chora pande zote mbili, usibane matumizi. Mzigo nimeshaulipia, wasikutoze tena stendi, na waambie wasiikunje.

Mama yako