Fremu ya Pande Sawa Iliyokataa Kuingia

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni seremala wa Majengo, hapa Goma. Nilitengeneza fremu ya lango kwa mbao mbili za sentimita 200 kwa urefu na mbili za sentimita 150 kwa upana. Kila ubao niliupima mara mbili, lakini fremu ilikataa kukaa kati ya nguzo. Binti yangu wa sekondari anasema nimetengeneza paralelogramu. Nimekosea wapi?

JIBU: Vipimo vyako ni sahihi, fundi, ila havitoshi. Umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana zina urefu sawa ni msambamba, ndiyo hiyo paralelogramu ya binti yako, na hadi hapo ndicho ulichothibitisha. Vuta uzi kutoka kona moja hadi kona inayoitazama: utapata pembetatu mbili ambazo pande tatu za moja zinalingana na pande tatu za nyingine, hivyo na pembe zake zinalingana, na ndiyo maana mbao zako zinakwenda sambamba. Hakuna katika hayo kinacholazimisha kona iwe ya digrii 90. Kona iliyoshikwa na msumari mmoja ni kama bawaba. Fremu hulala upande bila ubao wowote kubadilika urefu.

Kinachobadilika ni mishazari, yaani mistari miwili ya kutoka kona hadi kona inayoitazama, kama ule uzi. Katika kila msambamba mishazari hukatana katikati kabisa, lakini hulingana urefu pale tu umbo linapokuwa mstatili. Kwako kila mmoja ulipaswa kuwa sentimita 250, kwa kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye kona ya digrii 90: 150 mara 150 ni 22,500, 200 mara 200 ni 40,000, na jumla yake, 62,500, ni 250 mara 250. Tuseme mmoja umetoka 245: mwingine utakuwa karibu 255, kona mbili zitakuwa za digrii 88 hivi na mbili za 92 hivi, na kichwa cha fremu kitakuwa kimehama sentimita 8 pembeni. (Usitegemee eneo likufichulie kosa: kati ya sentimita za mraba 30,000, hazijapungua hata 30.)

Legeza misumari, kisha sukuma kona za mshazari mrefu zikaribiane mpaka yote miwili isome 250. Hapo ndipo upigilie ubao wa kukingama, kutoka kona hadi kona, kwa kuwa pembetatu iliyofungwa pande zote tatu haiwezi kupinda. Ukiupigilia kabla ya kupima, utakuwa umeufunga upogo wenyewe.