Maswali na Majibu: Charley Pride, mchuma pamba aliyetamba katika kantri

Tangu tulipogusia muziki wa kantri, ule wa mashambani Marekani, katika safu hii, jina moja limeulizwa kuliko mengine: Charley Pride wa Mississippi, Mmarekani mweusi aliyetawala chati za kantri miaka ya 1970 na kufariki mwaka 2020. Leo nafasi yote ni yake. Majibu mengine ni marefu kwa sababu nampenda mtu huyu na sitaki apitwe haraka haraka.

Mtu mweusi aliingiaje katika muziki wa Wazungu? (Msomaji, Mwanza)

Aliingia kupitia redio ya baba yake. Pride alizaliwa tarehe 18 Machi 1934 huko Sledge, Mississippi, mtoto wa nne kati ya kumi na mmoja. Wazazi wake walilima pamba kwenye shamba la mtu na kugawana naye mavuno, na watoto wote walichuma. Jumamosi usiku mzee alifungulia redio ya Philco kipindi cha Grand Ole Opry kutoka Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri, familia ikasikiliza. Charley akakariri nyimbo za Roy Acuff, Ernest Tubb na Hank Williams kama watoto wa Pwani wanavyokariri taarabu za mama zao. Alipofika miaka 14 alinunua gitaa la kuagiza kutoka duka la Sears, akajifundisha mwenyewe kwa kusikiliza.

Lakini ndugu msomaji, hilo neno "muziki wa Wazungu" naomba tulitazame. Banjo, chombo cha nyuzi ambacho wengi wakikisikia wanafikiria kantri moja kwa moja, kilitengenezwa na Waafrika waliopelekwa utumwani Karibi na Marekani. Ndugu zake wa karibu, kama akonting ya Wajola, bado wanapigwa Senegal na Gambia. Hank Williams mwenyewe, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa magwiji wa kantri, alifundwa gitaa utotoni na Rufus Payne, mpigaji mweusi wa mitaani kule Alabama. Kampuni za santuri ndizo zilizotenga rafu za madukani miaka ya 1920: muziki wa Weusi huku, wa Wazungu wa mashambani kule, hata pale wanamuziki wenyewe walipokuwa wakipiga nyimbo zilezile. Charley Pride alikuwa akiimba muziki wa nyumbani kwao. Aliyeona ajabu ni yule aliyezoea rafu.

Nimesikia aliwahi kuuzwa kwa basi. Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Kweli kabisa. Ndoto yake ya kwanza ilikuwa besiboli. Alikuwa mrushaji katika ligi za Weusi, akichezea Memphis Red Sox na timu nyingine. Alipokuwa Louisville Clippers, timu hiyo ilikuwa na shida ya usafiri, ikawatoa yeye na mwenzake mmoja kwa Birmingham Black Barons ili ipate basi. Mwenyewe alipenda kukisimulia kisa hicho akicheka.

Mwaka 1960 alihamia Montana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi huko East Helena. Kazi yake ilikuwa kushusha makaa kutoka mabehewa ya treni na kuyatupa kwa koleo kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zaidi ya 1,300, huku akikwepa taka za moto zilizomrukia na kumuunguza mara kwa mara. Kiwanda kilikuwa na timu yake ya besiboli. Meneja alipogundua kwamba huyu kijana anaimba, akamwambia aimbe robo saa kabla ya kila mechi: dola 10 za kucheza, dola 10 nyingine za kuimba. Watazamaji wakaongezeka. Jioni alizunguka na gitaa kwenye baa za mji, asubuhi tanurini. Mwaka 1963 alikwenda Florida kuomba majaribio katika timu ya besiboli ya New York Mets, wakamkatalia. Akarudi kwa kupitia Nashville, na safari hiyo ya kushindwa ndiyo iliyomkutanisha na Jack Johnson, aliyekuja kuwa meneja wake.

Ni kweli kampuni ilificha picha yake ili watu wasijue ni mweusi? (Msomaji, Nakuru)

Nusu kweli. Chet Atkins, mpiga gitaa mkubwa aliyekuwa na usemi mkubwa katika kampuni ya santuri ya RCA, aliwapigia wakuu wa kampuni kanda ya Pride kwanza, wakaipenda, ndipo akawaambia mwimbaji ni mweusi. Wakaamua kuendelea naye. Santuri ya kwanza ilitoka Januari 1966, mwimbaji akitajwa kwa jina la "Country Charley Pride", na vituo vya redio vilipelekewa bila picha wala wasifu, jambo ambalo halikuwa kawaida. Watangazaji wengi walipiga wimbo bila kujua.

Kinachotiwa chumvi ni kudai kwamba alifichwa miaka na miaka. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka huohuo, na sura yake iko pale kwenye jalada. Kufikia hapo sauti ilikuwa imeshatangulia: nzito, laini, matamshi safi, kila neno linasikika. Mtu akishaupenda wimbo, ni vigumu kuuchukia tena kwa sababu ya jalada.

Wazungu walimpokeaje siku ya kwanza kumwona? (Msomaji, Bujumbura)

Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi. Mwaka 1966 alipanda jukwaa la Olympia, Detroit, mbele ya watu wapatao 10,000. Mshereheshaji alilitaja jina, uwanja ukalipuka kwa makofi, maana nyimbo walizijua. Kisha Pride akatokea. Makofi yakafifia, yakafa. Wewe jiweke pale: umati mzima umenyamaza, nawe una dakika kumi tu na gitaa lako.

Hakuanza kuimba. Aliwaambia kwamba anajua ni jambo la kipekee kumwona kwenye onyesho la kantri akiwa na ngozi iliyopigwa jua na rangi isiyotoka tena. Watu wakacheka, makofi yakarudi, akaimba. Wako wanaosema alijidhalilisha. Sikubaliani nao. Kila mtu ukumbini alikuwa akiliwaza jambo lilelile, na yeye peke yake ndiye aliyethubutu kulitamka.

Tarehe 7 Januari 1967 aliimba Grand Ole Opry, kipindi kilekile cha redio ya baba yake, akikaribishwa na Ernest Tubb, mmoja wa wale aliowakariri utotoni. Hakuwa mweusi wa kwanza pale. DeFord Bailey alipuliza kinanda chake cha mdomo katika Opry tangu miaka ya 1920 mpaka walipomwondoa mwaka 1941, na jina lake limesahaulika isivyo haki. Njiani Pride alitukanwa, hilo lisifichwe. Alipata marafiki pia: Willie Nelson, mwimbaji Mzungu wa kantri, aliwahi kumbusu mdomoni jukwaani huko Kusini, mbele ya hadhira iliyokuwa haijui imfanyeje mgeni huyu.

Mbona hakuimba kuhusu ubaguzi? Alikuwa mwoga? (Msomaji, Kampala)

Swali hili liliulizwa hata enzi zake, na kwa ukali. Pride aliimba mapenzi, ndoa, upweke na injili. Alikataa kuwa msemaji wa upande wowote. Ningependa angesema zaidi, nakiri. Lakini mwoga hangepanda jukwaa lile la Detroit, wala hangekwenda Belfast.

Mwaka 1976 Ireland Kaskazini ilikuwa katika vita vya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka uliotangulia wanamuziki wa bendi moja waliuawa barabarani wakitoka kazini, na wasanii wa nje wakaacha kwenda. Pride akaenda, akaimba katika ukumbi wa sinema wa Ritz, watu wa pande zote mbili wakiwa wamekaa pamoja. Wimbo wake "Crystal Chandeliers" ukawa wao wote. Nchini kwake wimbo huo haukutolewa hata kama singo, yaani santuri ya wimbo mmoja. Ireland mpaka leo unaimbwa harusini na baa.

Alipata mafanikio kiasi gani? (Msomaji, Muscat)

Kati ya 1969 na 1983 nyimbo zake 29 zilishika namba moja katika chati ya kantri ya jarida la Billboard. Mwaka 1971, ule wa "Kiss an Angel Good Mornin'", Chama cha Muziki wa Kantri kilimtangaza Mtumbuizaji Bora wa Mwaka. Aliingizwa katika Jumba la Heshima la Kantri mwaka 2000. Baada yake ilibidi kusubiri hadi 2008, Darius Rucker, ndipo mwimbaji mweusi akashika tena namba moja ya kantri akiwa peke yake. Robo karne nzima! Mlango aliufungua, wenye nyumba wakaurudishia.

Familia yake je? (Msomaji, Arusha)

Alimwoa Rozene mwaka 1956, wakazaa watoto watatu, na kifo ndicho kilichowatenganisha. Katika kitabu cha maisha yake cha 1994 alieleza wazi kwamba aliugua maradhi ya akili ya kupanda na kushuka kwa hisia, akatibiwa kwa dawa. Kwa mwanamume wa kizazi chake, kusema hivyo hadharani kulihitaji moyo.

Tuzo ndiyo iliyomuua? (Msomaji, Mombasa)

Tarehe 11 Novemba 2020 alipokea tuzo ya heshima ya maisha huko Nashville, akaimba pamoja na mwimbaji kijana Jimmie Allen. Tarehe 12 Desemba alifariki Dallas kwa Uviko-19, akiwa na miaka 86. Waandaaji walisema alipimwa kabla, alipofika na aliporudi nyumbani, vipimo vyote vikaonyesha hana virusi. Wengine, wakiwemo wanamuziki, walihoji busara ya kumpeleka mzee kwenye ukumbi wa ndani wakati ule. Alipoambukizwa hapakuthibitishwa, na mimi sitamhukumu mtu.

Nianze na nyimbo zipi? (Msomaji, Kisumu)

Dada, anza na "Just Between You and Me", uone jinsi asivyopiga kelele hata anapoumia. Kisha tafuta rekodi ya moja kwa moja ya ukumbi wa Panther Hall, Fort Worth. Humo anaimba "Kaw-Liga" ya Hank Williams, na hadhira ya Texas inasikika ikimshangilia. Sikiliza nyimbo za injili mwisho, usiku, kwa sauti ya chini. Na ukipata nafasi, mtafute pia Sir Elvis wetu wa Kenya, Elvis Otieno, anayeimba kantri kwa roho ileile.