Vyama vya kisukari, moyo na saratani kuungana: kuna kazi au ni posho tu?

Mkuu, umeuliza kama huu muungano wa vyama vya magonjwa yasiyoambukiza una faida kwa mwananchi au ni watu kusaka wafadhili. Nimejitolea miaka kadhaa kwenye chama cha wagonjwa hapa Dar, nakujibu kwa niliyoyaona.

Posho zipo, tusidanganyane. Ila zamani hali ilikuwa mbovu zaidi. Kila ugonjwa na siku yake ya dunia: watu wa saratani walikuja na turubai lao la kupimia 4 Februari, wa moyo 29 Septemba, wa kisukari 14 Novemba. Mama anapimwa sukari, anaambiwa yuko salama, anarudi nyumbani na presha ya kutisha kwa sababu banda lile halikuwa la presha. Na utafiti wa kitaifa wa 2012 ulishaonyesha kwamba kwa watu wa miaka 25 hadi 64, karibu 26% walikuwa na presha ya juu na 9% walikuwa na kisukari. Na wengi wenye kisukari wana presha pia.

Duniani wenzetu waliliona hilo 2009, mashirikisho ya kisukari, moyo na saratani yalipounda NCD Alliance, muungano wa dunia wa magonjwa yasiyoambukiza. Hapa kwetu tuna TANCDA, muungano wa aina hiyo wa Tanzania, na Kenya wana wao. Hoja ni nyepesi: sigara, pombe ya kupitiliza, chumvi, mafuta, sukari na kukaa tu ndivyo vinavyochangia sana magonjwa yote hayo. Sasa kwa nini mtu ahubiriwe mara tatu na watu watatu?

Faida niliyoiona kwa macho ni kwenye vifaa. Mashine za kupima sukari hazipokei vijiti vya kupimia vya kampuni nyingine. Kila mfadhili akileta aina yake, baada ya muda unabaki na kabati la mashine nzima zisizo na vijiti. Vyama vikikaa pamoja, vinakubaliana aina moja, basi. Haipigwi picha hiyo, lakini ndiyo inayookoa watu.

Ugomvi upo: nembo ya nani iwe juu kwenye fulana, nani aandike ripoti. Kikao kizima kinaweza kuishia hapo (na soda zimeisha).

Kinachoniudhi hasa ni kupima watu kisha kuwaacha. Mtu ana presha ya 180/110, ya hatari, anapewa kipeperushi na pole. Kliniki hajui iko wapi, bima hana, wiki mbili mbele kashasahau kwa sababu haumwi popote.

Kwa hiyo kama kikundi chenu huko Temeke kimealikwa kushirikiana, kabla ya kuuliza bajeti ulizeni wagonjwa mtakaowabaini watapokelewa kituo gani, siku gani ya kliniki, na nani atawapigia simu wasipofika. Kama mratibu hana jibu, mwambieni aahirishe upimaji.