Anza na siku ambazo gazeti halikutoka: kwa wanaoanza kusoma historia ya Kompas

Kila mwanafunzi ninayemwongoza katika historia ya gazeti la Kompas la Jakarta, Indonesia, huanza pale pale nilipoanzia mimi: toleo la kwanza la tarehe 28 Juni 1965, lenye kurasa nne, na waasisi wake wawili, P. K. Ojong na Jakob Oetama, ambao tayari walikuwa wakitoa jarida la Intisari tangu 1963. Hayo yajue, lakini usikae nayo sana. Fungua majalada, kisha utafute tarehe zinazokosekana.

Pengo la kwanza ni la tarehe 2 hadi 5 Oktoba 1965. Alfajiri ya tarehe 1 majenerali wa jeshi waliuawa katika jaribio la mapinduzi, na jeshi likayafungia karibu magazeti yote ya mji mkuu. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Ahmad Yani, mkuu wa jeshi la nchi kavu, yule yule aliyemshauri waziri Frans Seda kwamba liwepo gazeti la kukabiliana na magazeti ya kikomunisti, ushauri ambao ndio uliozaa Kompas. Gazeti lilikuwa na umri wa miezi mitatu tu.

Pengo la pili ndilo lililonifundisha kazi hii. Mnamo Januari 1978, serikali ya Rais Suharto iliyafungia magazeti saba ya Jakarta, Kompas likiwamo, kwa sababu ya habari za maandamano ya wanafunzi, na ili kurudi mitaani wenye magazeti walitakiwa kutia saini ahadi ya utii. Ojong hakutaka, kwa kuwa aliona kwamba kusaini ni kununua miaka michache tu ya uhai. Jakob alisaini, na mwanzoni mwa Februari gazeti likatoka tena. Katika insha yangu ya kwanza nililiita gazeti hilo la waoga. Mwalimu wangu aliirudisha ikiwa na swali moja la kalamu ya risasi pembeni: “Indonesia Raya lilikuwa wapi siku hiyo?” Nilikwenda kutafuta. Gazeti hilo la Mochtar Lubis, lililofichua ufisadi katika shirika la mafuta la Pertamina bila kumung’unya maneno, lilikuwa limefutwa tangu 1974, baada ya ghasia za Januari mwaka huo. Kwa hiyo usiandike hukumu juu ya Kompas kabla ya kuweka mezani magazeti yaliyochagua njia nyingine na yale yaliyoyapata.

Mwandishi mkongwe Rosihan Anwar aliuita mwendo wa Kompas uandishi wa kaa: kaa hunyoosha mguu, akigusa hatari huurudisha, pakiwa salama husogea. Ukisoma tahariri zake, zinazoitwa Tajuk Rencana, soma kwa utaratibu huo huo, ukiangalia ni wapi sentensi inasogea na ni wapi inarudi nyuma. Weka kando yake vibonzo vya Oom Pasikom vya G. M. Sudarta, maana mara nyingi mchoro ulithubutu zaidi ya maneno.

Lugha isikutishe. Waindonesia huliita gazeti surat kabar, na hiyo kabar ni ndugu wa habari yetu, zote mbili zikitokana na Kiarabu; hata katika kaulimbiu ya Kompas, Amanat Hati Nurani Rakyat, utatambua amana, nuru na raia. Hata hivyo tumia kamusi, kwa sababu hapo rakyat ni umma wa kawaida, wala si raia mwenye pasipoti.

Na upime wasimulizi. Ojong alifariki mwaka 1980, Suharto akiwa bado madarakani, ilhali Jakob aliishi hadi Septemba 2020, miaka 22 baada ya utawala huo kuanguka. Kumbukumbu nyingi za mabishano ya 1978 zimetufikia kupitia upande wa aliyesaini, na maneno ya Ojong itakubidi uyakusanye kwa waliofanya naye kazi.