Hamisha au hamishia?

SWALI: Ninaandikia mafundi wenzangu mwongozo wa SQL Server, programu ya kuendesha hifadhidata. Hatua moja inasema: "Hamisha faili za kumbukumbu kwenye diski D." Kijana mmoja alifungua diski D, akazikosa, akaja kuniuliza zinatakiwa zipelekwe wapi. Kosa ni lake au langu? Na "kumbukumbu" ni neno sahihi hapa?

JIBU: Kosa ni lako, ndugu yangu. Kijana kasoma kilichoandikwa. Aliyehama Tanga hayupo tena Tanga. Aliyehamia Tanga, huko ndiko utamkuta. Faili nazo vivyo hivyo: kuzihamisha ni kuziondoa zilipo, kuzihamishia ni kuzipeleka.

Wengi hudhani "kwenye" au "-ni" itatuonyesha upande. Haionyeshi. Ametoka sokoni, ameingia sokoni, yuko sokoni: neno "sokoni" halikubadilika hata herufi, kitenzi ndicho kilichosema yote. Kwa hiyo andika "Hamishia faili diski D", na ukitoa taarifa baadaye, "zimehamishiwa", si "zimehamishwa". Ukitaja pande zote mbili, "hamisha kutoka C kwenda D", hapo hata bila ile -i- ya "hamishia" hakuna atakayepotea. Angalia tu "nihamishie": -i- hiyo hiyo hubeba pia maana ya kumfanyia mtu kazi, na bosi akikuandikia hivyo bila kutaja diski, muulize.

"Kumbukumbu" si kosa, ila neno limelemewa. Kuna kumbukumbu za kikao, na wengine huita hivyo memori ya kompyuta. Faili unayoisema huandikiwa kila badiliko kabla halijafika kwenye faili ya data, ili umeme ukikatika ghafla hifadhidata ijue ilipoishia. Mabaharia wanalo neno la daftari la namna hiyo, lile la safari ya chombo: batli. Mimi nalipenda mno, lakini fundi aliyeamshwa saa nane usiku atatafuta "logi". Mwandikie logi.

Hatua yako ningeiandika hivi: "Ielekeze hifadhidata kwenye njia mpya ya faili, kisha iondoe hewani. Hamishia faili ya logi diski D, hakikisha akaunti ya SQL Server ina ruhusa kwenye folda hiyo, ndipo uirudishe hewani."