Sauti zimeacha, lakini chenji inamchanganya: ni dawa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 29. Alipokuwa na 21 alianza kusikia sauti na kudai majirani wanamfuatilia. Hospitali wakatuambia ni skizofrenia. Anachomwa sindano kila mwezi na anakunywa vidonge vya kuzuia kukakamaa. Sauti zimeacha. Ila akinisaidia kuuza dagaa hapa Mwaloni, chenji inamchanganya, na ukimtuma vitu vitatu analeta kimoja. Kidato cha pili alikuwa wa kwanza kwa hesabu, ingawa cha nne alifeli. Mjomba anasema dawa zinamla akili, tuziache. Je, ataendelea kushuka? – Dada, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba dada. Sindano msiiache. Nalisema hili mapema kwa sababu nimepokea vijana wengi walioachishwa dawa na ndugu wanaowapenda, wakarudi kwetu wamefungwa kamba.

Anachokiona mjomba ni kweli, anayemshuku siye. Mjerumani Emil Kraepelin aliuandika ugonjwa huu miaka ya 1890, na kufifia kwa akili ndiko kulikomshtua kuliko hata sauti. Wakati huo dawa hizi hazikuwepo. Ya kwanza, klopromazini, ilianza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1952.

Sasa rudi kwenye hesabu za kidato cha nne. Alifeli miaka kadhaa kabla ya sauti, na hapo hakuwa amemeza kidonge hata kimoja. Huko Suffolk, jimbo la New York, Marekani, watafiti waliwafuatilia kwa zaidi ya miaka 20 watu waliolazwa mara ya kwanza kwa saikosisi, yaani kusikia sauti au kuamini yasiyokuwepo, wakachimbua na kumbukumbu zao za shule. Kwa wenye skizofrenia, uwezo wa akili ulianza kushuka takriban miaka 14 kabla ya ugonjwa kujitokeza, ukaendelea taratibu hadi miaka 22 baadaye. Jumla kwa muda wote waliofuatiliwa ni kama pointi 16 za kipimo cha akili (IQ). Katika miaka hiyo 36, kushuka hakukufika nusu pointi kwa mwaka. Huo ni wastani. Wengine hubaki palepale miaka mingi.

Kwa hiyo ndiyo, anaweza kushuka, lakini polepole sana. Akili ikimpotea ghafla ndani ya wiki chache, usiseme "ni ule ugonjwa wake". Mpeleke apimwe malaria, sukari, VVU na kaswende, na wamuulize kama ameanguka akagonga kichwa au amerudia bangi.

Kuna mahali mjomba ana haki. Vile vidonge vya kuzuia kukakamaa, kwa kawaida ni benzheksoli, wengi wanaiita Artane, hupunguza kumbukumbu kweli. Wagonjwa wengi huanzishiwa siku za mwanzo, kisha vinaandikwa tena na tena kila kliniki bila mtu kuuliza kama bado vinahitajika. Jambo hili linaniuma, maana linarekebishika. Msivikate wenyewe, daktari huvipunguza kidogo kidogo huku akiangalia kama mikono na shingo vinakakamaa tena. Na dozi ya sindano ikiwa kubwa kupita kiasi nayo humfanya mtu awe mzito wa kufikiri, hivyo iulizie.

Pale mezani, hebu mtazame. Mteja anataka sado mbili, ametoa noti ya elfu kumi, na mwingine pembeni anauliza bei. Mdogo wako anatakiwa kushika namba kichwani na wakati huohuo kuitoa kwenye nyingine. Ugonjwa huu hugonga hapohapo, na kasi ya kufikiri. Si uvivu, na kumfokea mbele ya wateja kunamfungia kabisa. Mpe kazi yenye jambo moja kwa wakati: kupima, kufunga, kuanika na kugeuza dagaa. Chenji akitaka kuijaribu, mwandikie kwenye kipande cha boksi: sado 1, 2, 3, bei yake, na chenji ya elfu kumi. Ukimtuma, andika. Na atembee kila siku mpaka jasho litoke. Mazoezi ya namna hiyo yameonekana kuinua kumbukumbu kwa wagonjwa hawa.

Siku ya sindano ijayo nenda naye. Beba vidonge vyote ndani ya mfuko wake, na ile ripoti ya shule ya kidato cha pili.